Kusubu alumini uani: shughulika kwanza na unyevu

Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu, yaani umbo la mchanga linaloipa sura. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 za Selsiasi, na mkaa unaopulizwa vizuri hufika hapo bila shida. Kinachoharibu kazi Dar es Salaam ni unyevu. Umo kwenye mkaa, kwenye kalibu, kwenye skrepa iliyolala nje, hata ndani ya sakafu ya saruji. Tone la maji likifunikwa na alumini ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuirusha usoni.

Tanuri la shimo ni la kale na rahisi, ila sehemu za bondeni kama Jangwani usichimbe. Maji yako karibu. Chukua rimu mbili za chuma za inchi 14, kata sahani za katikati, zipandanishe. Siriba ndani unene wa sentimita 6 kwa udongo wa mfinyanzi sehemu 1, mchanga 2, pumba za mpunga 1. Pumba zikiungua huacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee. Kewa, yaani bomba la kupitishia upepo, liwe la inchi moja na nusu, liingie sentimita 5 juu ya kitako cha tanuri. Kausha kivulini siku 7, kisha moto mdogo kwa saa 2. Ukiharakisha, mvuke utabandua udongo vipande vipande.

Chungu cha kuyeyushia ni bomba la chuma la inchi 4, kimo sentimita 15, lililochomelewa kitako kinene. Bomba la mabati usiliguse, moshi wa zinki ni sumu. Alumini ya moto hula chuma polepole, kwa hiyo paka ndani mikono mitatu ya kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, na kila mkono ukauke kabisa.

Kwa skrepa, nachagua pistoni na rimu za aloi. Zina silikoni, hivyo hutiririka hadi kwenye pembe za kalibu. Makopo ya soda ni membamba mno. Sehemu kubwa huishia kuwa taka za juu. Kila kipande kiote joto ukingoni mwa tanuri kabla hakijaingia chunguni.

Kwa kalibu, mchanga wa ufukweni haufai: una chumvi, na chumvi huvuta maji. Tumia mchanga mwembamba wa mto uliochekechwa: kilo 10, udongo mkavu wa unga kilo 1 hadi 1.5, maji kama nusu lita. Finya konzi moja kisha uivunje. Ikivunjika kwa kingo kali, iko tayari. Ikilowesha kiganja, imezidi maji. Modeli ya mbao, yaani mfano wa kitu unachokisubu, iwe kubwa kuliko kitu chenyewe kwa asilimia 1.3, kwa sababu alumini husinyaa inapopoa. Ukishashindilia, toboa vitundu vya hewa kwa spoku ya baiskeli, na juu ya sehemu nene kabisa acha kisima cha akiba, yaani shimo linalojaa alumini ya kulisha sehemu hiyo inaposinyaa.

Kujua kama imeiva, chovya fito ya chuma iliyokwisha kupashwa moto. Alumini iking'ang'ania, bado. Ikiteleza na kuiacha safi, engua taka na umimine mara moja, bila kusita katikati. Usikoroge, wala usiiache motoni "iive zaidi". Kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyonyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu, na inapoganda gesi hiyo hubaki kama vitundu. Miminia juu ya mchanga mkavu, si juu ya saruji. Vaa viatu vya ngozi, suruali ya pamba ikivifunika kwa nje. Kandambili hapana kabisa!

Kata kipande cha kwanza kwa msumeno ukisome. Vitundu vya mviringo vinavyong'aa, vilivyotapakaa kote, ni gesi: rudi kwenye ukavu na joto. Shimo lenye kuta za kukwaruza, mahali penye unene, ni kusinyaa: kisima chako kilikuwa kidogo na kiliganda mapema. Mstari kama ufa, pale mikondo miwili ilipokutana, maana yake alumini ilikuwa baridi.

Sufuria za kupikia nashauri usisubu. Skrepa usiyoijua asili yake inaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, nayo huingia kwenye chakula. Subu vishikio, puli, miguu ya meza.