Kuku wa pilipili anayeiva ukiwa umelala

Mwezi haupiti bila mwanafunzi wangu mmoja kuniambia ana chungu cha umeme kabatini ambacho hakitumii. Amekinunua, au ameletewa zawadi na shangazi aliyeko ng'ambo, akapikia kuku mara moja, akapata maji ya uvuguvugu yenye nyama iliyochambuka kama katani, akakirudisha kwenye boksi lake. Namwambia akitoe. Kosa si la chungu, ni la kuku aliyemtia na saa aliyoiwashia.

Nazungumzia kile chungu kizito cha udongo kinachokaa ndani ya ganda la chuma lenye waya za joto ubavuni. Madukani wanakiita slokuka. Usikichanganye na jiko la presha, maana hivyo viwili ni mbingu na ardhi: presha hubana mvuke mpaka joto lipite nyuzijoto 100 na kuku akaiva kwa nusu saa, hiki hupanda taratibu kwa saa kadhaa, kikafika karibu na kuchemka, kikabaki hapo kinatokota kwa kunong'ona.

Kitabu cha maelekezo kinachokuja nacho kinasema: weka asubuhi, nenda kazini, rudi ule. Huenda kwa mtu anayetoka saa 2 na kurudi saa 11 jioni. Sisi wa Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, tunatoka saa 11 na nusu alfajiri tukwepe foleni, na foleni hiyohiyo inaturudisha saa 2 usiku. Hizo ni saa 14 na nusu. Hakuna kuku wa kusubiri muda huo. Kuna vyungu vyenye saa ya kuchelewesha kuwaka, na hapo ndipo watu wanapojidanganya zaidi, kwa sababu nyama mbichi itakaa kwenye joto la Dar es Salaam tangu alfajiri hadi mchana ikisubiri moto. Kati ya nyuzijoto 4 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi, na jikoni kwangu mchana wa Februari kipimajoto kinasoma zaidi ya 30.

Kwa hiyo chungu changu kinapika usiku. Nakiwasha saa 3 baada ya kula, nalala, nakizima saa 11 alfajiri. Kuku anaingia kwenye friji, mimi naingia barabarani. Nikirudi ni dakika 15 za jiko la gesi, na kinachonisubiri ni mchuzi uliolala. Kila aliyekulia kwetu anajua mchuzi wa jana ulivyo mtamu kuliko wa leo.

Sasa kuku mwenyewe. Usitie kuku wa kisasa. Yule amechinjwa akiwa na wiki tano au sita, hajapata muda wa kukomaa, na saa nane za moto mdogo zinamfanya uji wenye mifupa. Kinachohitaji muda ni zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha msuli na mfupa. Kuku anavyozeeka ndivyo zinavyokaza, na zikikaa saa nyingi kwenye joto la nyuzijoto 80 na kuendelea huyeyuka zikawa ule ute unaofanya supu ya kwato igande ikipoa. Ute huo ndio unaoupa mchuzi uzito, hata kabla hujatia nazi. Kuku wa kisasa hana ute wa maana wa kutoa. Jogoo wa kienyeji anao. Kuku wa mayai aliyechoka kutaga anao tele, na huyo ndiye ninayemfuata soko la Kisutu, kwa sababu bei yake iko chini ya kienyeji na wengi wanamkimbia wakisema ni mgumu. Muuzaji wangu aliwahi kunionea huruma: "Mama, huyu utamaliza mtungi wa gesi." Nikamwambia sipikii gesi.

(Wanaoapa kwamba hakuna kuku kama wa Singida, sibishani nao. Wamtie jogoo wao wa Singida kwenye chungu hiki, tutaelewana.)

Mwambie akukatie vipande kumi, kisha mchune ngozi ukifika nyumbani. Ngozi inahitaji moto mkali ili ikauke na kunukia. Humu itabaki kama mpira na mafuta yake yataelea juu. Shingo, mgongo na miguu usitupe, humo ndimo ute umejaa.

Kazi halisi, kabla ya kuwasha chungu, ni dakika 20 za kukaanga, na hizi hazina njia ya mkato. Najua umechoka. Lakini chungu hiki hakiwezi kupika rangi ya kahawia. Mahali penye maji joto halipiti nyuzijoto 100, na ile harufu ya kitunguu kilichoungua vizuri haiji mpaka joto lipite hapo kwa mbali. Ukitia kitunguu kibichi, kesho yake utakikuta kimelegea, cheupe, na ladha yake ya ubichi iko palepale. Kitunguu saumu ni kibaya zaidi, kinachachua mchuzi mzima.

Kwa kuku wa kilo moja na nusu nachukua vitunguu maji vitatu vikubwa, nakata vyembamba na kuvikaanga kwa mafuta vijiko vinne mpaka vigeuke rangi ya asali iliyokolea. Natia kijiko kimoja cha chai cha binzari nyembamba nzima, kijiko kimoja cha mbegu za giligilani nilizozipondaponda, kijiti cha mdalasini na hiliki nne. Nzima, si unga. Unga wa viungo ukichemka saa nane unachoka na kuacha uchungu kidogo. Mbegu nzima hutoa ladha yake polepole kama inavyotakiwa. Halafu kitunguu saumu punje nane na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vyote vimetwangwa. Vikinukia, kijiko cha nyanya ya kopo, nakikaanga mpaka kibadilike rangi na mafuta yaanze kujitenga. Mwisho nyanya tatu zilizokunwa na nusu kijiko cha manjano. Nageuza vipande vya kuku humo dakika tano vipate rangi upande upande, natia chumvi vijiko viwili vya chai, namimina chunguni vikiwa vya moto. Umoto huo una kazi yake, unamsaidia kuku kuvuka mapema ule ukanda wa hatari wa nyuzijoto 4 hadi 60. Kwa sababu hiyohiyo usitie kamwe kuku aliyeganda barafu.

Maji nusu kikombe tu. Hapa kila mgeni wa chungu hiki anakosea. Tumezoea sufuria inayopumua, mvuke unatoka na mchuzi unakauka, kwa hiyo mkono unamimina vikombe vitatu bila kufikiri. Humu kifuniko kinarudisha kila tone, na kuku mwenyewe anatoa maji yake. Asubuhi utakuta mchuzi umepanda hadi nusu ya nyama bila wewe kufanya kitu. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili. Kikiwa kitupu sana kitaunguza kingo, kikijaa sana katikati patachelewa kupata moto. Na kifuniko usikifunue kuchungulia. Kila ukifunua unapoteza joto ambalo kitahitaji dakika 20 au zaidi kulirudisha.

Pilipili naigawa mara mbili, na hili nimelijifunza kwa kuharibu vyungu vingi. Pilipili mbuzi ina vitu viwili tofauti: ukali na harufu. Ukali hauogopi moto. Utapika usiku kucha nao utakuwepo, tena utakuwa umesambaa mpaka ndani ya mfupa. Harufu ile ya matunda, inayomfanya mtu ajue kabla hajaonja kwamba hii ni mbuzi na si pilipili nyingine, ni nyepesi na inapeperuka. Kwa hiyo usiku natia moja nzima, yenye kikonyo chake, haijapasuka. Itatoa ukali wa wastani. Ikipasuka umekwisha, hasa kama kuna watoto, kwa hiyo ilaze juu ya nyama usiikandamize. Ya pili nasubiri nayo mpaka jioni. Na wale wanaotoa mbegu wakidhani wamepunguza ukali, angalieni ule utando mweupe wa ndani unaozishika mbegu. Ukali mwingi umekaa humo.

Weka kwenye moto wa chini, saa nane. Ukijaribu moto wa juu ni saa nne hivi, na hutapata joto kubwa zaidi mwishoni, utafika tu mapema. Changu kimeandikwa wati 210, kwa hiyo usiku mzima hakiwezi kula zaidi ya yuniti 1.7 za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Oveni yangu inameza kiasi hicho kwa muda usiofika saa moja.

Umeme ukikatika je? Utakatika, tunaishi hapahapa. Mimi nina maikroweva ambayo saa yake hurudi sifuri ikikosa umeme, ndiyo mlinzi wangu. Nikiamka nikaiona inawakawaka, nachukua kipimajoto cha nyama, nachoma kwenye paja nene kuliko yote. Kikisoma zaidi ya 60 nahamishia kwenye sufuria papo hapo na kumaliza kwa gesi. Kikiwa chini ya hapo, sionji, namwaga. Imenitokea mara mbili na mara zote mbili iliniuma, kuku si bure. Kama huna kipimajoto na hujui umeme ulikatika saa ngapi, mwaga tu. Kuchemsha upya kunaua vijidudu lakini si kila sumu waliyoiacha. Usiku usio na hitilafu hauna wasiwasi huo: kuku ameshaiva kwa nyuzijoto 74, na chungu kinavuka hapo kwa mbali.

Alfajiri usiingize chungu chote kwenye friji. Udongo ule unashika joto kwa saa nyingi na katikati ya mchuzi patabaki vuguvugu. Mimina kwenye vyombo viwili vipana, viache vitoe mvuke ukiwa unaoga na kunywa chai, viingie kabla hujatoka. Na jioni usimrudishe kuku wa baridi kwenye chungu ili apate moto. Kwanza atachukua saa nyingi, pili udongo uliotoka kwenye friji ukikutana na joto unapasuka. Changu cha kwanza kilikwenda hivyo, mlio kama wa bunduki, nikasikia mchuzi ukivuja kwenye waya.

Jioni ndiyo raha. Mafuta yameganda juu, yaondoe kwa kijiko, uache kidogo. Chini yake mchuzi umekuwa kama jeli. Mimina sufuriani, moto wa kati, uchemke barabara dakika tano. Kisha tui zito kikombe kimoja. Wengi wananiuliza kwa nini tui lao linakatika kwenye chungu cha umeme, na jibu ni kwamba limekaa humo saa nane. Tui halikai hivyo hata kwenye mafiga. Litie mwishoni, koroga upande mmoja, lisichemke kwa fujo. Hapo ndipo pilipili ya pili inaingia, imekatwa vipande vinne, pamoja na ndimu moja. Onja uone tui linavyotuliza: ukali wa pilipili huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, ndiyo maana glasi ya maji haimsaidii mtu aliyeungua mdomo.

Nimesoma kidogo asili ya chombo hiki na ikanifurahisha. Aliyekibuni ni Mmarekani Irving Naxon, akapewa hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, mwaka 1940. Mama yake alimsimulia jinsi kwao Lithuania Wayahudi walivyopika cholent, chakula cha maharage na nyama: Ijumaa jioni chungu kinapelekwa kwenye tanuri la mwoka mikate, kinaachwa humo na joto linalopoa mpaka mchana wa Sabato, yaani Jumamosi, kwa sababu siku hiyo hawawashi moto. Kampuni ya Rival ilinunua biashara yake mwaka 1970 na mwaka uliofuata ikakitoa kwa jina la Crock-Pot. Nilipoisoma nilimkumbuka bibi akipalia makaa juu ya kifuniko cha bokoboko, ngano na kuku, akaenda kulala. Asubuhi ya Idi hakuna aliyejua mfupa uliishia wapi. Hakika bibi asingeshangaa mtu akipika usiku.

Jambo moja kabla sijasahau, maana mkishazoea mtataka kutia kila kitu humu. Maharage mekundu yasiingie makavu. Yana sumu ya asili ambayo moto wa kunong'ona hauimalizi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu sufuriani angalau dakika 10, ndipo uyahamishie. Viazi navyo ukivitia viweke chini kabisa, ubavuni. Vinachelewa kuiva kuliko nyama, ajabu lakini kweli.

Kwetu tunamla na wali mweupe au chapati, siku ya uchovu mkubwa na mkate wa duka. Miguu na mgongo nazichambua mifupa, naichemsha na kipande cha tangawizi kesho yake asubuhi, inatoa vikombe viwili vya supu. Wa kwanza kuamka ndiye anayeinywa.