Ng'ombe aliyepasuka katikati: kuchora fonti ya gemu kwa maneno ya Kiswahili

Vijana wawili waliniletea gemu waliyoitengeneza kwa ajili ya simu. Mchezaji ni mchungaji, kazi yake kuvusha kundi mtoni kabla mamba hajafika. Picha zote wamezichora kwa miraba mikubwa kama gemu za zamani za kaseti, na maandishi nayo walitaka yafanane. Walikuwa wamepakua fonti ya bure, nzuri tu kwa kuitazama. Lakini neno lililobeba gemu nzima lilikuwa limepasuka. Badala ya NG'OMBE, jicho liliona NG, pengo, alama ndogo inaelea juu peke yake, pengo jingine, kisha OMBE.

"Kaka, hii ni hitilafu ya simu?" mmoja akaniuliza.

Simu haikuwa na kosa. Fonti ile ilichorwa na mtu ambaye hakuwahi kuandika ng' maishani mwake. Nimekuwa nikichora fonti za aina hii kwa miaka sasa, na kila anayeniomba nimfundishe huanza kwa kuniletea picha ya gemu anayoipenda ili tuige herufi zake. Mimi humwambia aiache picha kwanza. Kinachofaa kuchukuliwa ni kisanduku ambamo herufi zile zilizaliwa. Ukishakielewa, jaza maneno yako mwenyewe.

Kisanduku chenyewe kina miraba 8 kwenda kando na 8 kwenda chini. Chukua Pac-Man, gemu ya mashine ya kabati ya kampuni ya Namco, ya mwaka 1980. Skrini yake ina pikseli 224 kwa 288, lakini mashine haikuichora pikseli moja moja. Iliipanga kwa vigae, 28 kwa upana na 36 kwa urefu, kama fundi anavyopanga vigae sakafuni. Picha za vigae zilikaa kwenye chipu moja ya baiti 4096: vigae 256, kila kimoja baiti 16, mbili kwa kila mstari ili kubeba rangi. Humo humo ndimo zilimokaa kuta za njia, vidonge vya kuliwa, tarakimu na herufi. Hapakuwa na nafasi ya herufi nene na nyembamba, wala ya herufi zilizoinama, wala ya ukubwa wa pili. Kila herufi ilipewa kigae chake, ikatosheka humo.

Tazama A ya mtindo ule, pamoja na namba zake:

□□■■■□□□ 56
□■■□■■□□ 108
■■□□□■■□ 198
■■□□□■■□ 198
■■■■■■■□ 254
■■□□□■■□ 198
■■□□□■■□ 198
□□□□□□□□ 0

Mraba uliojazwa ni 1, mtupu ni 0, na kila mstari ukiusoma kama namba ya mfumo wa mbili unapata baiti moja. Namba nane na herufi imekamilika. Angalia pia kwamba safu ya mwisho kulia na mstari wa mwisho chini ni vitupu. Hiyo ndiyo nafasi kati ya herufi na herufi, na kati ya mstari na mstari. Kwa hiyo mchoraji ana miraba 7 kwa 7 tu ya kuchezea, yaani 49.

Sasa angalia unene. Mistari ya kusimama ina miraba miwili, ya kulala ina mmoja. Watu wengi huiga hivyo bila kujua sababu. Televisheni za zamani zilichora picha kwa mwale wa elektroni unaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari wa kulala huufanya mwale uwake kwa muda, kwa hiyo unaonekana vizuri. Mstari wa kusimama wenye upana wa pikseli moja ni mwako wa kufumba na kufumbua: mwale unawaka na kuzimika kabla haujafikia mwanga wake kamili, na herufi inafifia. Ukiupa miraba miwili, unasomeka. Na kuna jambo moja hapa ambalo sichoki kulieleza. Ndani ya kabati la Pac-Man skrini ililazwa ubavu, kwa hiyo mwale ulikuwa unakimbia kwa kufuata mistari ya kusimama, na unene ule haukuhitajika kwa sababu ile. Lakini umbo lilikuwa limeshazoeleka. Lilichorwa kwenye kampuni ya Atari katikati ya miaka ya 1970, Namco wakalichukua na kulirekebisha kidogo, kampuni nyingine za Japani nazo zikalifuata, hadi leo watu wakisema "herufi za gemu" wanamaanisha hilo. Wajapani walikuwa na sababu yao pia: kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina, haziingii kwenye miraba 8 kwa 8, ila herufi kubwa za Kilatini zinaingia bila taabu.

Ukitaka kuanza, nunua daftari la hesabu lenye miraba. Nasema hivi kwa dhati, ingawa programu zipo tele. Kwenye kompyuta utavutwa na kuongeza, kupanua, kulainisha. Kwenye daftari unachora kisanduku cha 8 kwa 8, unajaza kwa penseli, unafuta. Mama yangu alikuwa akishona vitambaa vya makochi kwa mishono ya msalaba, na neno KARIBU alilipanga kwa kuhesabu nyuzi kabla sindano haijagusa kitambaa. Alikuwa anafanya kazi hii hii. Ukimtazama mtu anayeshona hivyo utajifunza haraka kuliko kwa video kumi.

Wengi huchora kuanzia A, B, C hadi Z. Hiyo ni kupoteza penseli. Katika Kiswahili silabi nyingi sana huishia na irabu, kwa hiyo karibu kila herufi ya pili unayoiandika ni A, E, I, O au U. Mwendo wa fonti yako uko kwenye herufi hizo tano, na A inazizidi zote. Mimi huzichora hizo kwanza, kisha K, M, N, W, kisha nyingine. Q na X huziacha mwisho kabisa.

Hapo utakutana na taabu ya I. Kwa kuwa kila herufi ina kisanduku cha upana uleule, I iliyochorwa kama fimbo huacha mapengo pande zote mbili. Kiingereza huvumilia. Jaribu kuandika NILIWAPITISHIA na utaona ukuta uliobomoka matofali. Dawa yake ni kuipa I kofia juu na kiatu chini, miraba sita kila upande, ili ijaze chumba chake. Kofia hiyo pia inaitenganisha na tarakimu 1, na hilo ni muhimu kwa gemu ambayo alama huandikwa karibu na maneno. Sifuri ipe mkato ndani, O iache wazi.

Kisha inakuja MW, ambayo imenikosesha usingizi kuliko herufi yoyote. Mwana, mwezi, mwalimu, mwaka, mwisho, mwenyeji: fungua kamusi uone kurasa zake. Kwa Kiingereza M na W hazikutani ndani ya neno isipokuwa kwa nadra, kwa hiyo waliochora herufi za gemu hawakuwa na sababu ya kuziweka bega kwa bega. M yangu ya kwanza ilikuwa na miraba 37 iliyojazwa kati ya 49, na W ilikuwa M ileile iliyopinduliwa, nayo 37. A ina 30. Kila nilipoandika MWALIMU, mwanzo wa neno ulikuwa doa jeusi, kama wino umemwagika, halafu ALI ikafuata nyepesi, halafu M tena.

Nilihangaika nayo jioni nyingi. Mwishowe nilipunguza mstari mmoja uliojaa kwenye tumbo la M, ikabaki na miraba 34. W nikaiacha kabisa kuwa pacha wa M. Nguzo zake nikazishusha wazi mistari mitatu, nikaanzisha mguu wa kati mstari wa nne, na mstari wa chini kabisa nikaufanya ■ mbili, nafasi, ■ mbili, ukirudi ndani kwa mraba mmoja kila upande. Ikawa na 33, na chini ina mviringo kidogo, kwa hiyo jicho linaitambua kabla halijahesabu. MWALIMU ikatulia. Ukichora fonti yako na ukafika hapo, usiridhike na M peke yake wala W peke yake. Zitazame zikiwa pamoja, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kwenye simu yenye mwanga mdogo.

Turudi kwa ng'ombe. Ritifaa, au kwa lugha ya wengi kile kialama cha juu, kwenye fonti ambayo kila herufi ina upana uleule hupewa kigae kizima sawa na M. Ndiyo maana pengo. Nilichora kigae kipya cha pekee chenye G na ritifaa ndani yake: G nikaibana hadi safu tano kwa mistari ya mraba mmoja, safu ya sita nikaiacha tupu, na ya saba juu nikaweka miraba miwili ya ritifaa. Ndani ya faili ya fonti unaweza kuandika sheria kwamba G ikifuatwa na ritifaa, zote mbili zibadilishwe na kigae kile. Mwandishi anaandika kama kawaida, fonti inafanya kazi yenyewe. NG'OMBE, NG'AMBO, KUNG'ARA, zote zikashikana.

Nikadhani nimemaliza. Vijana wakarudi na picha ya skrini: kwenye simu ya mmoja wao ritifaa ilikuwa nyembamba, laini, imepinda, katikati ya miraba. Sababu ni kwamba kuna ritifaa zaidi ya moja. Ile iliyonyooka ina namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi, U+0027, na ile iliyopinda, ambayo baadhi ya kibodi na programu huiweka zenyewe, ni U+2019. Fonti yangu ilikuwa na ya kwanza tu, kwa hiyo simu iliazima ya pili kutoka fonti nyingine. Siku hizi huweka picha ileile kwenye namba zote mbili, na kwenye U+02BC pia, na sheria ya G naiandika kwa zote tatu. Fanya hivyo hata kama unaona ni kazi ya ziada.

Kuhamisha kwenye kompyuta ni sehemu rahisi. FontStruct inafanya kazi ndani ya kivinjari na inatosha kwa fonti ya kwanza. Mimi hutumia FontForge, ambayo ni ya bure. Weka kipimo cha fonti kiwe 1024, ili kila mraba uwe 128 kamili bila desimali. Miraba inayogusana iunganishe iwe umbo moja, la sivyo utaona nywele nyeupe kati yake kwenye skrini. Na mwambie anayeitumia aiweke kwa pikseli 8, 16, 24 au 32. Akiweka 13, kingo zitaota ukungu, na lawama zitakujia wewe.

Maneno yenyewe nayo yapime mapema. PRESS START ni vigae 11, BONYEZA KUANZA ni 14. GAME OVER ni 9, MCHEZO UMEKWISHA ni 16. Skrini ya Game Boy, kimashine cha gemu cha mkononi, ina vigae 20 kwa upana, kwa hiyo vyote vinaingia, lakini nafasi ya kuweka katikati inapungua. Kwa kujaribu fonti nzima mimi hutumia misemo ya kanga, kwa sababu nayo huandikwa kwa herufi kubwa, mstari mmoja, ndani ya fremu. Ninaoupenda ni MGENI NJOO MWENYEJI APONE: ni vigae 25, na una NJ, MW na NY kwa mkupuo. Fonti ikiupita huo, naiamini.

Kuhusu haki, kwa ufupi. Marekani umbo la herufi halilindwi na hakimiliki, lakini faili ya fonti inalindwa kama programu. Nchi nyingine zina sheria zao, na Uingereza hulinda hata umbo. Kwa hiyo usichukue faili ya mtu ukaibadilisha jina. Fonti nyingi za mtindo wa gemu, kama Press Start 2P, hutolewa kwa leseni huria ya OFL (Open Font License): unaruhusiwa kuirekebisha, toleo lako nalo libaki chini ya leseni hiyo hiyo, na kama mwenyewe amelihifadhi jina lake, tafuta jingine. Ya vijana nilianza kwenye daftari tupu, nikaitoa kwa OFL pia.

Mmoja wao, ambaye babu yake alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, ameniuliza kama inawezekana kwa hati hizo. Ndiyo kazi iliyo mezani sasa. Ile safu tupu ya kulia niliyoisifu huko juu haifai tena, kwa sababu herufi zinashikana mikono, na nyingi zina maumbo manne kulingana na mahali zilipo ndani ya neno. P na CH zinahitaji nukta tatu chini. Kwa mistari 8 nimeshindwa, kwa hiyo nimepanda hadi 16. Neno چاي (chai) limekaa vizuri kwenye daftari tangu juzi. پواني (pwani) bado: nukta za P zinagombania nafasi na mkia wa wau, herufi inayoifuata, na nimeshafuta ukurasa ule hadi karatasi imetoboka.