Pedali pekee hazikiepushi chombo na leseni

Ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya Waswahili wa Uingereza, kwamba baiskeli yoyote ya umeme yenye pedali haihitaji leseni wala bima, si sahihi. Kisheria ni baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250 na huacha kusaidia ifikapo takriban kilomita 25 kwa saa; mwendeshaji awe na miaka 14 au zaidi. Baiskeli ikizidi nguvu au kasi hiyo huhesabiwa pikipiki: usajili, bima, leseni, helmeti.

Mkanganyiko huanzia dukani. Mota ya wati 1,000 huuzwa kihalali, ila kwa matumizi ya kiwanja cha binafsi, na maelezo hayo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo mno. Soma kibandiko cha nguvu kabla ya kulipa. Ukitumiwa ujumbe huo, usiusambaze.