Hawatafuti mali ya Mjerumani: dhana potofu kuhusu historia na akiolojia ya Mlimani

"Hao wa Chuo Kikuu wanatafuta mali ya Mjerumani." Maneno haya hayakosi kusikika wanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, wanapoingia kijijini na kamba, mwiko wa mwashi na chekeche. Tetesi hizi za hazina iliyofukiwa zina pa kuanzia: mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo.

Lakini shimo la mwanaakiolojia halifuati sarafu. Udongo hukwanguliwa kidogo kidogo, kila tabaka likiandikiwa kina na rangi yake, kisha huchekechwa. Kinachobaki juu ya wavu ni vigae, mifupa ya samaki, mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma), pengine ushanga mdogo kama punje ya mtama. Kipande cha chungu chenye pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali chini ya shingo kinatosha kumwonyesha mchimbaji kwamba amefika kwenye makazi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kigae hichohicho kikiokotwa na kutiwa mfukoni, hakuna tena wa kujua kililala na nini. Ndiyo maana anayefukua usiku kutafuta rupia huharibu hata asipopata kitu, na ndiyo maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadai kibali.

Dhana ya pili inaniuma zaidi: kwamba miji ya mawe ya pwani ililetwa na wageni, ikiwa tayari imekamilika, wenyeji wakitazama tu. Vyungu vya pembetatu nilivyovitaja vimepatikana pwani na pia bara, hadi Dakawa mkoani Morogoro, mahali watu walipofua chuma. Kule Shanga, kisiwani Pate nchini Kenya, wachimbaji walikuta chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti iliyotangulia, wa kwanza ukiwa wa karne ya 8. Mji ulikua pale pale, nguzo juu ya nguzo. Wanaosimulia asili ya Kishirazi, yaani kwamba mababu walitoka Shiraz huko Uajemi, nao hawakutunga uongo mtupu: utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba kuanzia karibu mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani. Waliingia kwenye jamii waliyoikuta.

Wengine hudhani wanaakiolojia ndio wanaochimba mifupa ya dinosaria, mijusi wakubwa wa kale kama wa Tendaguru, Lindi. Hiyo ni kazi ya paleontolojia. Akiolojia hufuata binadamu na alichokiacha.

Na chuo chenyewe, kikongwe kuliko vyote Tanzania, hakikuzaliwa Mlimani. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia kilimani mwaka 1964. Somo la akiolojia lilisubiri hadi 1985.

Historia ilitangulia, na hapa ndipo ilipovunjwa dhana iliyokuwa kubwa kuliko zote: kwamba pasipo maandishi hapana historia. Idara ya Historia ilianza 1964 chini ya Terence Ranger, akaja Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya Wapare kwa masimulizi ya Wapare wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Maji Maji, vita vya wenyeji dhidi ya Wajerumani. Hesabu inaonyesha kwa nini haikufaa kuchelewa: mtoto wa miaka 10 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa sasa na miaka 73. Walikaa naye barazani, wakamwuliza maji ya dawa yaligawiwa na nani, yalipakwaje, nani alikataa. Majibu yalipigwa chapa, yakahifadhiwa chuoni, na hadi leo mtafiti wa vita vile huanzia kwenye karatasi hizo.