Kuhesabu herufi kwa programu: dhana zinazowakwamisha wanaoanza

Jioni hukaa na vijana wa mtaani kwetu Majengo tukijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Zoezi la kwanza huwa lile lile: andika programu ihesabu irabu, konsonanti, tarakimu na nafasi katika sentensi.

Dhana: Isiyokuwa irabu ni konsonanti.

Hii ndiyo inayonasa wengi. Chukua "Ng'ombe 3 Kongowea". Kijana huandika: herufi ikiwa imo katika "aeiou", ongeza irabu, la sivyo, ongeza konsonanti. Programu inajibu irabu 6, konsonanti 12. Skrini haikulalamika, naye anaridhika. Sasa hesabu kwa kidole: N, g, m, b, kisha K, n, g, w. Ni 8 tu! Nne zilizozidi ni ritifaa (ile alama ' ya ng'), ile 3 na nafasi mbili. Kompyuta haijui konsonanti ni nini. Uliiambia ichukue vyote vilivyobaki, nayo ikatii. Uliza isalpha() kwanza, yaani, je, hii ni herufi? Ikikubali ndipo utenganishe irabu na konsonanti. (Na ng', ambayo sikioni ni sauti moja, kwa programu ni alama tatu.)

Dhana: A na a ni kitu kimoja.

Kwetu, naam. Ndani ya kompyuta kila herufi ina namba yake: A ni 65, a ni 97. Andika "Utange", na ile U ya mwanzo itatupwa kwenye konsonanti. Dawa ni lower(), inayogeuza herufi kubwa kuwa ndogo, lakini ukitaka kujua herufi kubwa ni ngapi, zihesabu kabla hujazigeuza.

Dhana: Isiyokuwa kubwa ni ndogo.

Mombasa hatuna ruhusa ya kulisahau hili. Mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wetu wa kale, yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na hati hiyo haina herufi kubwa wala ndogo. Ipe Python herufi ب: isalpha() inasema True (ndiyo), isupper(), inayouliza kama ni kubwa, inasema False (siyo), na islower(), inayouliza kama ni ndogo, nayo False. Programu yenye mafungu mawili tu itayaita maandishi yote hayo herufi ndogo, na si kweli. Weka fungu la tatu.

Dhana: Lazima uwe na kompyuta na Kiingereza kingi.

Simu inatosha kuanzia. Maneno ya Python unayohitaji hapa hayazidi vidole vya mikono, na vigeu vyako, yaani majina ya kuwekea hesabu, waweza kuviita irabu, konsonanti, tarakimu. Haigombi.

Dhana: Ikikimbia bila kosa, iko sawa.

Tumeona ilivyotoa 12 bila aibu. Kabla ya kuiendesha, andika daftarini jibu unalotarajia. Kwa sentensi yetu: irabu 6, konsonanti 8, tarakimu 1, nafasi 2, alama nyingine 1. Kisha ulinganishe jumla na len(), inayohesabu kila alama. Zisipotimia 18, ipo alama uliyoisahau.