Je, wajua kwa nini kiwanja ni chako lakini mtaro wa mbele yake si wako?

Masika ya Moshi hayapigi hodi. Mvua inanyesha kule juu Kibosho na Uru, na kwa kuwa mji wetu umekaa kwenye mteremko wa mlima, maji yote yanashuka kusini kututafuta sisi tunaoishi Pasua. Kwa miaka mingi mtaro wa mtaani kwetu uliyapokea bila shida. Kisha jirani yetu akajenga fremu mbili za duka, akaujaza ule mtaro kifusi na kushindilia changarawe juu yake ili wateja wapate pa kuegesha magari. Wiki ya pili ya mvua maji yalifika pale, yakakosa njia, yakakata kona na kuingia jikoni kwa mama. Tulikuta mkaa unaelea na gunia la mahindi limelowa toka chini hadi katikati.

Mama alijifunga kanga kiunoni, akavuka.

"Shikamoo mama. Najua lililokuleta. Lakini hiki kiwanja ni changu, nina hati."

"Marahaba mwanangu. Hati ni yako. Na maji ni ya nani?"

Jirani hakuwa na jibu, na ukweli ni kwamba hata sisi hatukuwa nalo siku ile. Tulilipata baadaye, kipande kwa kipande, kwa kwenda ofisi moja hadi nyingine. Nayaandika haya ili mwingine asizunguke kama tulivyozunguka.

Jibu linaanzia kwenye hati yenyewe, karatasi ambayo wengi wetu tunaifungia kabatini bila kuisoma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mtu ni haki ya kuimiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, na haki hiyo huja na masharti. Isome hati yako leo jioni. Utaona imeandikwa kiwanja kitumike kwa nini, makazi au biashara. Utaona wajibu wa kulipa pango la ardhi kila mwaka, wa kupata kibali kabla ya kujenga, na wa kutunza alama za mipaka.

Alama hizo ndizo tunazoziita bikoni: pini ya chuma iliyozamishwa kwenye zege, na namba imechorwa juu. Kung'oa au kuhamisha bikoni ni kosa la jinai, hata kama imekaa mahali unapotaka kupitisha ukuta. Mpima ardhi alipokuja mtaani kwetu, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitafuta bikoni ya mbele ya kiwanja cha jirani. Aliikuta chini ya changarawe, karibu hatua mbili nyuma ya mtaro. Maana yake mtaro wote ulikuwa nje ya kiwanja, kwenye hifadhi ya barabara ya mtaa. Jirani alifukia kitu kisichokuwemo kwenye hati yake kabisa, na nadhani alishangaa kwa dhati kama sisi.

Kwa mtu aliyekulia uchaggani hili si geni. Kihambani, kwenye shamba la nyumbani, mpaka ni masale, yale majani marefu ya kijani yanayopandwa safu, na anayeng'oa sale la mwenzake anajua amegusa nini. Mfongo nao, ule mfereji wa kunywesha migomba, ulikuwa na zamu na wasimamizi wake. Aliye juu hakuwa na ruhusa ya kuyazuia maji yasimfikie aliye chini. Kwa hiyo mtu akiniambia sheria za mitaro zimeletwa na manispaa, namwambia bibi zetu walizijua kabla ya manispaa kuwapo.

Mjini sheria zimepangwa kwa ngazi mbili, na wengi hukosea hapa. Ngazi ya kwanza ni sheria za nchi, zinazofanana kuanzia Moshi hadi Mtwara. Ya pili ni sheria ndogo, ambazo kila halmashauri hujitungia. Madiwani huandaa rasimu, wananchi hutangaziwa watoe maoni au pingamizi, baraza la madiwani hupitisha, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huidhinisha, kisha zinachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Zinahusu taka, mifugo mjini, minada, vibanda, usafi wa mbele ya duka lako. Ile faini ya shilingi 50,000 kwa anayetupa taka ovyo Moshi, iliyoujengea mji huu sifa ya usafi, ni matunda ya ngazi hii. Tena ukitoka Pasua ukaingia Mabogini, umetoka Manispaa ya Moshi na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Halmashauri nyingine, kitabu kingine cha sheria ndogo. Anayehamia ng'ambo na ng'ombe wake wawili akidhani kanuni ni zile zile anaweza kujikuta matatani. Sheria ndogo zimeandikwa kwa Kiswahili, na una haki ya kwenda ofisi ya kata au ya halmashauri kuomba kuzisoma. Omba.

Kabla ya kuchimba msingi, michoro inapelekwa halmashauri ili upate kibali cha ujenzi. Fundi atakwambia ukuta au kibanda cha mbele hakihitaji kibali. Usimsikilize mpaka umeuliza mwenyewe. Na kama kiwanja ni cha makazi, fremu za duka zinahitaji jambo jingine kabla ya kibali: kubadilisha matumizi ya ardhi, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Ombi hilo hutangazwa ili majirani wenye pingamizi waseme. Ndilo jirani yetu aliloliruka. Angelipitia, yale maji yangejadiliwa kwenye karatasi kabla hayajaingia jikoni.

Kuna vipimo viwili vya kukariri. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kwetu hilo linagusa Karanga, Rau na Njoro. Kwa wenzetu wa Arusha linagusa Themi na Naura, ambako nyumba nyingi zimesogea maji kupita kiasi. Kipimo cha pili ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake za 2009. Zamani ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuchorwa X za rangi tofauti: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi, ambaye hana fidia, na ya kijani kwa aliyekuwa nje kihalali mpaka hifadhi ilipopanuliwa ikamfikia. Huyu wa kijani anastahili kulipwa eneo lake litakapochukuliwa. Ukinunua nyumba, pita kwanza ukutani utazame kama kuna rangi iliyopakwa juu ya rangi.

Kodi ya jengo sitaikalia sana, maana siku hizi inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla: tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mpangaji anayenunua umeme akumbuke kwamba deni hilo ni la mwenye nyumba; wakae wahesabiane kwenye kodi ya pango.

Sasa tuje kwenye kero, maana hapa ndipo ujirani unapovunjika. Sheria haikukatazi kuishi. Kuku wako atawika, mtoto wako atalia, sherehe ya ubarikio itakuwa na muziki. Inachokataza ni jambo linaloumiza, kuhatarisha au kusumbua watu wanaokuzunguka. Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zina kifungu cha 170 kuhusu kero kwa umma, na ndani yake kuna sentensi ninayoipenda: si utetezi kusema kwamba jambo lako linawafaa watu wengi kuliko linaowasumbua. Baa inaweza kuwa na wateja 200 wenye furaha na nyumba tatu zisizolala. Wingi wa wateja peke yake hauifanyi kero isiwe kero.

Kelele zina kanuni zake pia, za mwaka 2015, chini ya ile Sheria ya Mazingira. Zinatenga mchana na usiku, zinatenga makazi na viwanda, na kiwango cha usiku ni cha chini zaidi. Mwenye karakana ya kuchomelea mageti katikati ya nyumba za watu, au mwenye spika mlangoni pa duka, azijue. Lakini kero mbaya kuliko zote kwa mtazamo wangu ni ile ya kutapisha choo. Mvua kubwa inaponyesha usiku, mtu anafungua chemba, uchafu unakwenda na maji, asubuhi watoto wanakanyaga mtaroni wakienda shule. Anaokoa gharama ya gari la kunyonya, na mtaa mzima unasubiri kipindupindu. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia, kukagua na kumwandikia mtu notisi ya kuondoa kero kwa muda maalum. Akikaidi, anafikishwa mahakamani.

Basi ukiudhiwa uanzie wapi? Anzia kwa jirani, mchana, kwa salamu. Mama alifanya hivyo na haikutosha, lakini baadaye kila ofisi ilimuuliza kama ameongea naye, naye akajibu ndiyo. Halafu andika. Tarehe, saa, kilichotokea, na picha. Tulikuwa na picha ya lile gunia la mahindi na ya kifusi chenye maji yaliyotuama, na hizo picha zilisema kuliko sisi. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Mwenyekiti mmemchagua wenyewe, anaita pande zote mbili. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, anaandika barua na kuzipeleka panapohusika. Usiridhike na "nitamwambia". Omba nakala ya barua yenye mhuri.

Sisi tulipotea hapo. Tulikwenda baraza la kata tukidhani litamhukumu jirani. Tulichelewa kujua kwamba mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yameliondolea baraza la kata mamlaka ya kuamua kesi za ardhi. Sasa linasuluhisha tu. Likishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, mwenye mgogoro wa mpaka anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mtaro wetu haukuwa hata mgogoro wa mpaka. Ulikuwa miundombinu ya barabara ya mtaa, na barabara hizo tangu 2017 ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Choo na uchafu ni kwa afisa afya wa kata. Jengo lisilo na kibali ni kwa afisa mipango miji. Kelele na moshi ni kwa afisa mazingira wa halmashauri, na zikizidi, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ambalo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Ukigonga mlango usio wake hufukuzwi, ila unarudishwa kesho, na kesho nyingine, mpaka masika yanakwisha.

Barua ya mtendaji ilipofika mlango sahihi, mhandisi alikuja na mpima ardhi, bikoni ikaonekana, jirani akapewa muda. Hakuvunja fremu zake. Aliambiwa afukue kifusi chote, aweke kalavati za duara na kumwaga zege juu, kwa kipimo alichopewa, kisha akamilishe lile ombi la kubadilisha matumizi. Alinung'unika gharama. Mama aliwapelekea mafundi uji siku mbili mfululizo.

Mvua za vuli zilianza usiku. Saa nane nilimsikia mama akitoka na tochi, nikamfuata. Alikuwa amesimama juu ya lile zege, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Ng'ambo dirisha likafunguka.

"Mama, yanapita?"

"Yanapita, mwanangu. Kalale."