Nani yuko mlimani? Kumsoma Wang Wei kwa Kiswahili

Ukitaja nafasi ya fasihi ya Kichina duniani, watu hukimbilia Tuzo ya Nobeli: Gao Xingjian mwaka 2000, Mo Yan mwaka 2012. Mimi darasani huanza na shairi la herufi 20 tu.

Linaitwa Lu Chai, yaani Uzio wa Kulungu. Alilitunga Wang Wei, mshairi na mchoraji wa enzi ya Tang, katika karne ya 8. Ni moja kati ya mashairi 20 kuhusu makazi yake ya Wangchuan, si mbali na Chang'an, mji ambao leo ni Xi'an. Rafiki yake Pei Di alimjibu shairi kwa shairi, na aliyezoea kujibizana kwa malenga wetu hahitaji kuelezwa raha ya jambo hilo.

Mstari wa kwanza ni kong shan bu jian ren. Neno kwa neno: tupu, mlima, si, ona, mtu. Hakuna nafsi. Hakuna wakati. Hatuambiwi nani haoni, wala ni jana au leo.

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea tafsiri aliyoitoa kwenye Kiingereza: “Katika mlima mtupu simwoni mtu yeyote.” Sarufi haina kosa. Lakini ile si- imempandisha mlimani mtu ambaye Wang Wei hakumweka! Kosa si la mwanafunzi. Kitenzi cha Kiingereza hudai mtendaji, na baadhi ya wafasiri humpa “mimi”. Mwaka 1987 kilitoka Marekani kitabu chembamba kilichoweka pamoja njia 19 za kulisoma shairi hili, nyingi zikiwa tafsiri, na ukizipitia unaona jinsi swali la nani anatazama linavyowahangaisha wafasiri.

Sisi tunacho cha kumpa Wang Wei. Tuna kauli ya kutendeka, na tuna ku- ya mahali. “Hakuonekani mtu.” Hapo mlima wenyewe ndio umeshika nafasi ya mtendaji, na mtazamaji ametoweka. Hivi ndivyo ninavyolisoma lote:

Mlima mtupu, hakuonekani mtu;
kwasikika tu sauti za watu.
Nuru yarejea, yaingia msituni,
yaangaza tena kijani cha kuvumwani.

Vina vilikuja vyenyewe, nami nikavipokea kwa shukrani. Ile -a- ya “yarejea” nayo inafaa, maana haikufungi kwenye saa maalumu. Kuvumwani ni vile vijimea laini vinavyofunika mawe na magogo yenye unyevu; jua la jioni, likiwa chini, hupenya kati ya mashina na kuvigusa.

Tunapoteza pia. Ren ya mstari wa kwanza na ya pili ni herufi ileile, isiyo na umoja wala wingi. Mimi nimelazimika kuandika mtu, kisha watu. Na qing, rangi ya kuvumwani, kwa Kichina huweza kuwa kijani au hata buluu. Nimechagua moja na kuiacha nyingine.

Tarehe 31 Januari 1827, Goethe, mwandishi mkuu wa Kijerumani, alimwambia msaidizi wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya ulimwengu zimewadia. Siku hizo alikuwa akisoma riwaya ya Kichina, naye aliisoma kwa tafsiri. Tangu mwanzo, basi, Wachina wamo ndani ya wazo hilo, na mfasiri amesimama mlangoni. Kinachoniuma ni kwamba msomaji wa Kiswahili bado huwafikia kwa kupitia mlango wa Kiingereza, akiingia na “mimi” ambaye hakualikwa, ilhali lugha yake ingempeleka moja kwa moja.

Ndiyo maana siku hizi nawapa wanafunzi herufi zenyewe kwanza, maana ya kila moja pembeni, bila tafsiri yoyote. Muhula ujao ni zamu ya jibu la Pei Di: herufi 20 nyingine.